Taa ya mwani: somo la Gazi na Kibuyuni

Watu wengi wa Nairobi wanaovuka feri ya Likoni huishia Diani. Hufika Ukunda, wakakata kushoto, wakajilaza ufuoni siku mbili tatu, kisha wakarudi zao kazini. Barabara lakini haiishii hapo. Huendelea kusini kati ya minazi na miembe, ikapita Msambweni na Ramisi hadi Lunga Lunga mpakani, na kabla ya kufika huko hupita karibu na mahali pawili ambapo mtu yeyote mwenye tangi la samaki wa maji chumvi nyumbani angefaa kupaona kabla hajatoa pesa kununua taa. Pa kwanza ni Gazi. Pa pili ni Kibuyuni, kijiji cha wakulima wa mwani karibu na Shimoni.

Msomaji atauliza, taa na vijiji hivyo vina uhusiano gani? Jambo lenyewe ni hili. Katika mtaa wa Buruburu kuna familia ninayoifahamu ambayo imeweka sebuleni tangi la maji chumvi la lita 200. Ndani yake mlikuwa na samaki watatu wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale ambao watoto tangu ile filamu ya mwaka wa 2003 huwaita Nemo, pamoja na kangaja mmoja mwenye hasira za bure. Miezi ya kwanza kila mgeni alisifu. Baadaye mawe yakaota uchafu wa kijani mfano wa nywele, kioo kikawa cha kupanguswa kila siku, na asubuhi moja samaki mmoja akakutwa ameelea. Aliyewauzia tangi aliwaambia dawa ni kuongeza tangi dogo la mwani lenye taa yake maalumu, na taa aliyowatajia ilikuwa ya bei kupita tangi lenyewe. Baba mtu akasema heri samaki wapewe mtu mwingine. Binti yao, mwanafunzi wa sekondari ambaye ndiye mwenye samaki hasa, akaja kuniuliza kama hakuna taa ya bei nafuu inayoweza kufanya kazi hiyo.

Mtu asidhani haya ni mambo ya wenye nacho tu. Sehemu kubwa ya samaki wa mapambo wa maji chumvi hawazalishwi katika mabwawa. Hukamatwa miambani, na wapiga mbizi wa pwani ya Kenya wamo katika biashara hiyo kwa miongo mingi. Samaki anayekufa Buruburu ametolewa katika mwamba kama huo tunaolipia kiingilio kwenda kuutazama kule Kisite. Akishatolewa, aliyemnunua ana deni naye.

Nilikuwa na safari ya Kwale juma hilo. Nikamwambia binti angoje nirudi.

Kwanza tufahamu hilo tangi dogo ni kitu gani. Wafugaji huliita refugiamu, yaani kimbilio. Ni sanduku la kioo au plastiki linalounganishwa na tangi kubwa kwa mabomba na pampu, aghalabu likiwekwa chini ndani ya kabati. Maji huteremka humo, hupita polepole katikati ya mwani, kisha hupandishwa tena juu. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na bakteria huigeuza amonia hiyo hatua kwa hatua hadi ikawa nitrati. Nitrati na fosfeti ni mbolea. Mbolea ikishakuwa ndani ya maji lazima kitu kiote, na swali ni kiote wapi. Ukiupa mwani unaoutaka mahali pake na mwangaza wa kutosha, utaila mbolea ile kabla haijazifikia zile nywele za kijani huko juu. Vidudu wadogo mfano wa kamba nao hupata pa kujificha na kuzaana, na baadhi yao husombwa na maji wakawa chakula cha samaki.

Walter Adey, mtaalamu wa mwani wa taasisi ya Smithsonian kule Marekani, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuonyesha kwamba mwani unaomulikwa unaweza kuyaweka safi maji ya mwamba wa matumbawe ulioundwa ndani ya jengo. Kitabu chake na Karen Loveland, Dynamic Aquaria, kilitoka mwaka wa 1991. Wafugaji wengi walianza kuvutiwa na jambo hilo miaka hiyo. Bahari yenyewe haikuwangoja.

Gazi iko kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Ukishuka kwenye matatu barabarani, unaingia ndani kwa miguu au kwa bodaboda, na mbele ya nyumba za makuti unaona ghuba imezungukwa na mikoko. Kina mama wa kijiji wametengeneza njia ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya miti, na kwa ada ndogo mgeni hutembezwa. Upande wa baharini kabisa husimama mlilana, miguu majini. Nyuma yake mkoko wenyewe, na mizizi yake iliyopinda kama miguu ya kaa. Halafu mkandaa, na upande wa nchi kavu mchu, ambao huchomoza mizizi ya kupumulia kutoka matopeni kama penseli zilizochomekwa.

Nilifika maji yakijaa. Aliyenitembeza, kijana wa hapo hapo, alinionyesha kwa kidole tu bila kusema neno: katikati ya mizizi, ndani ya maji ya kufika kifundo cha mguu, samaki wadogo wasiozidi urefu wa kucha walikuwa wakiingia kwa mamia. Hakuna samaki mkubwa awezaye kupenya pale. Maji huingia polepole, huacha tope na uchafu wake, hutoka yakiwa mepesi. Hilo ndilo kimbilio. Sanduku la kabatini ni mfano wake mdogo.

Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaufahamu thamani yake msitu huo kuliko wengi wetu. Tangu mwaka wa 2013, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hektari 117 za mikoko, na pesa zake zimeingia katika maji ya mfereji na shule. Nilitaja hili kwa sababu kuna wafugaji wanaopenda kupanda miche ya mkoko ndani ya refugiamu. Inapendeza macho, sikatai. Lakini mkoko hukua taratibu mno, majani yake yanataka mwanga mkali juu ya maji, na kwa kusafisha tangi haufikii mwani hata kidogo. Isitoshe, mikoko yetu ni msitu unaolindwa kisheria, na mche unaouchuma ukiwa matembezini una mwenyewe. Uache pale pale.

Kutoka Gazi nilipanda matatu hadi njia panda ya Shimoni, kisha pikipiki hadi Kibuyuni. Nilikuwa nimeambiwa nifike siku za bamvua. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na kupwa kwake huangukia asubuhi iliyokwisha kuchangamka, saa nne au saa tano. Huo ndio wakati wa shamba. Siku za maji mafu bahari haishuki vya kutosha, na kina mama hubaki na kazi ya nchi kavu: kuanika, kufunga magunia, kutengeneza sabuni ya mwani.

Ukilitazama shamba kutoka ufuoni, utadhani mtu ameanua nguo zake akasahau kamba. Mambo yamepigwa mchangani kwa safu, na kati ya mambo na mambo kamba imekazwa karibu na mchanga. Juu ya kamba, kila baada ya kiganja, kumefungwa kishada cha mwani. Aina kuu ni mbili, spinosamu na kotonii, na kibiashara kilimo hiki kilitangulia Zanzibar, mwaka wa 1989, kabla ya kushika mizizi huku kwetu. Mwani mkavu husafirishwa ng'ambo ukatolewa karajinani, kitu cha kugandisha kinachoingia katika dawa ya meno na aiskrimu.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mmoja aliyekuwa ameinama peke yake mwisho wa safu.

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu uje, ila kanyaga pale nikanyagapo mimi."

Nilimweleza shida ya binti wa Buruburu. Alicheka sana kusikia kwamba kuna watu Nairobi wanaolima mwani ndani ya kabati. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono, akanipeleka kamba kwa kamba. Zile zilizokuwa upande wa kina kirefu zilikuwa na mwani mwembamba, wenye vijiti virefu vilivyokonda. Zile zilizopigwa juu sana, karibu na ufuo, ncha zake zilikuwa zimebabuka na kuwa nyeupe. Katikati, mahali ambapo hata maji yakipwa hubaki ya kufika gotini, vishada vilikuwa vimenenepa hata kamba zinalegea.

"Mwani wataka jua, na wataka maji," alisema. "Jua bila maji huuchoma. Maji bila jua huukondesha. Mimi nikiona safu hainenepi, sinunui mbegu nyingine. Naung'oa mambo nausogeza."

Ndani ya maneno hayo machache mna nusu ya yote ambayo mnunuzi wa taa anahitaji kujua, na nilitamani yule muuzaji wa tangi angekuwa amesimama nasi pale.

Aliniongeza mambo mengine mawili. La kwanza ni tafi. Samaki huyo huja na maji kujaa akala ncha changa, na safu nzima inaweza kuliwa ikabaki vijiti. Ndiyo maana mwani wa nyumbani haupandwi ndani ya tangi la samaki bali katika sanduku la pembeni. Kangaja ni yule yule tafi kwa tabia, na angeumaliza kwa siku moja. La pili ni mavuno. Kishada hukatwa kikifika siku 45 hivi, kipande kidogo kikarudishwa kambani kiwe mbegu. Kikiachwa muda mrefu zaidi huvunjika kwa uzito wake, kikaoza na kurudi baharini. Hapo aliyelima hapati kitu, na mbolea yote iliyokuwa imefyonzwa imerudi ilikotoka.

Joto pia ni adui. Maji yakipata moto kupita kiasi mwani hupatwa na ugonjwa wa kubabuka na kukatika. Kule Zanzibar kotonii, ambao ndio wenye bei, umeangamia mahali pengi kwa sababu hiyo, na wakulima wakabaki na spinosamu. Mwenye tangi asilisahau hilo anapofikiria taa.

Sasa turudi kwenye taa yenyewe, maana ndiyo iliyotutoa Nairobi.

Kosa la bei huanzia kwenye rangi. Maji ya bahari hula rangi za jua moja moja, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuliwa. Ukipiga mbizi mita chache tu kila kitu kinaanza kuwa cha samawati. Matumbawe yaishiyo huko chini yana vimwani vidogo ndani ya miili yao, na hivyo vimezoea kuishi kwa samawati hiyo. Kwa hiyo taa za matumbawe hutengenezwa za samawati, zenye vioo vya kukusanya miali, feni, na mitambo ya kuigiza mapambazuko na machweo, na bei yake huingia makumi ya maelfu ya shilingi. Ni taa nzuri kwa kazi yake. Lakini mwani wa Kibuyuni hauishi huko chini. Huishi gotini, mahali ambapo jua la saa nne huufikia likiwa na rangi zake zote. Umbijani, ile rangi ya kijani ya mimea, hufyonza hasa samawati na nyekundu. Na ndani ya sanduku lenye maji ya sentimita 30 hakuna nyekundu inayopotea ya kutajika. Kumulikia mwani kwa taa ya matumbawe ni kulipia kitu ambacho mwani haukukiomba.

Kwa upande mwingine, wale wanaouza taa za kukuzia mimea huja na taa za rangi ya waridi, zenye punje nyekundu na za samawati peke yake. Hesabu yao ni sahihi: samawati ya karibu nanomita 450 na nyekundu ya karibu 660 ndizo zinazofyonzwa zaidi. Mwani hukua vizuri chini yake. Shida ni za kibinadamu. Kwanza, chini ya waridi huwezi kujua kama mwani wako ni wa kijani au umeanza kupauka. Pili, kabati likiachwa wazi kidogo, sebule nzima inakuwa kama klabu ya usiku, na majirani waonao dirisha la waridi linawaka hadi alfajiri wataanza kujiuliza mnalima nini humo ndani. Tatu, balbu nyingi za namna hii zinazoletwa kutoka nje zina mkia wa skrubu, ilhali soketi nyingi za nyumba zetu ni za pini. Hakikisha kabla hujafika nyumbani.

Ya tatu ndiyo ninayoipendelea mimi: taa nyeupe ya kawaida. Taa nyeupe za LED hazikuwezekana hadi ilipopatikana LED ya samawati, kazi ambayo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliipatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2014. Nyingi kati ya taa nyeupe tunazonunua ni punje ya samawati iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa manjano na nyekundu. Maana yake ni kwamba samawati tayari imo. Ukitaka nyekundu zaidi, chagua nyeupe yenye umanjano. Kwenye boksi kuna namba ya rangi: 6500K ni nyeupe ya baridi, 3000K ni ya joto kama ile ya balbu za zamani. Chochote kati ya 4000K na 6500K kitafaa mwani wa kijani, na anayetaka kuchanganya anaweza kufunga balbu mbili ndogo, moja ya baridi na moja ya joto. Kuna mwani mwekundu pia, nao una rangi zake za kufyonzea hata mwanga wa kijani ambao umbijani hauufaidi sana. Kwa mwani huo nyeupe ni bora kuliko waridi. Spinosamu na kotonii zenyewe ni za jamaa ya mwani mwekundu, ingawa kwa macho utaziona za kijani au kahawia.

Binti alikwenda na mamake barabara ya Luthuli, kati ya yale maduka ya redio na spika, wakanunua taa ya ukutani ya LED ya wati 20, ile inayofungwa nje kumulika lango. Bei haikufika shilingi 2,000. Wakaifunga juu ya sanduku la upana wa sentimita 40, na mwani wakaupata kwa mfugaji mwingine: Chaetomorpha, ambao ukiushika unafanana na waya wa kusugulia sufuria, ila wa kijani.

Kabla ya kulipa, mama alimuuliza mwenye duka swali lililonipendeza: "Hizi ni wati za kweli au za boksi?" Ni swali la haki. Taa nyingi huandikwa namba kubwa kwa rangi nyekundu, na ukisoma maandishi madogo unakuta ni "sawa na" balbu ya zamani ya wati kadha. Nyingine, hasa zile za kukuzia mimea, huandikwa wati 1000 na hazivuti hata wati 150. Kinachoingia kwenye bili, na kinachoingia kwa mwani, ni zile wati za kweli. Njia ya kuzijua haina gharama. Zima kila kitu nyumbani, acha taa hiyo peke yake, kisha nenda kwenye mita ya tokeni. Karibu na kijitaa chake chekundu kinachopepesa pameandikwa ni mara ngapi kitapepesa kwa uniti moja. Kama ni mara 1000, taa ya wati 20 za kweli itakipepesesha mara 20 kwa saa, yaani mara moja kila dakika tatu. Ikipepesa mara 12, umeuziwa wati 12. Kama namba ya mita yako ni nyingine, fanya hesabu yako. Mwanafunzi yeyote wa fizikia ataipenda kazi hiyo.

Na hesabu hiyo hiyo ndiyo itakayomtuliza baba. Wati 20 kwa saa 12 kila siku ni uniti 7.2 kwa mwezi wa siku 30. Tukiweka shilingi 30 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi, ni shilingi 216. Taa ya wati 100 kwa saa hizo hizo ingekula uniti 36, shilingi 1,080. Bei ya dukani huilipa mara moja, bali stima huilipa kila mwezi maadamu samaki wapo. Kwa sanduku dogo la kabatini sioni sababu ya kupita wati 20 za kweli, na kwa lile la ukubwa wa ndoo hata 10 zinatosha.

Iwekwe juu kiasi gani? Hapa ndipo nilipomkumbuka mama wa Kibuyuni na mambo yake. Taa ndogo ikiondolewa umbali mara mbili, mwanga unaofika hupungua hadi karibu robo. Kwa hiyo kabla hujanunua taa kubwa zaidi, teremsha uliyo nayo. Anza na sentimita 20 au 25 kutoka kwenye maji. Mwani ukionekana mwembamba na wa kijani kibichi kilichoiva sana, shusha kidogo. Ukipauka juu huku chini ukiwa mzima, pandisha. Ufuatilie kwa majuma mawili kabla ya kubadilisha tena, maana mwani hautoi jibu kwa siku moja. Wakati mwingine hupauka si kwa mwanga bali kwa njaa: maji yameishiwa nitrati au madini ya chuma, na hapo hakuna taa itakayokusaidia.

Saa za kuwasha ni jambo ambalo watu hulisahau, na halina gharama yoyote. Washa taa ya refugiamu usiku, taa za tangi kubwa zikiwa zimezimwa. Mchana mwani wote na matumbawe hufyonza hewa ya ukaa, usiku kila kiumbe hupumua na kuitoa, na maji hupoteza ukali wake kukaribia asidi. Mwani wa chini ukifanya kazi usiku huifyonza hewa hiyo, na kipimo cha maji hakipandi na kushuka mno. Saa 10 hadi 14 zinafaa. Kifaa cha kuwasha na kuzima chenyewe kwa saa huuzwa Luthuli hiyo hiyo, na ni afadhali ununue hicho kuliko kuongeza wati.

Chumvi na stima si marafiki. Taa ya lango ina sifa hii nzuri: imefungwa isiingie maji, na alama yake huwa IP65 au zaidi. Balbu tupu haina ulinzi huo, na mvuke wa chumvi utaila soketi yake taratibu. Weka kipande cha kioo juu ya sanduku, kikipanguswa kila juma. Waya uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteleza lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Na kama nyumba haina swichi inayokata stima yenyewe inapovuja, mwite fundi aifunge kwanza. Samaki wangoje.

Lipo pia suala la aina ya mwani. Kuna ule wa jamii ya Caulerpa, wa kupendeza, mwingine wenye vishada kama zabibu. Hukua upesi, lakini ukifadhaika unaweza kuachilia mbegu zake zote kwa usiku mmoja, maji yakawa kama maziwa na mbolea yote ikarudi ndani ya tangi. Wafugaji wengine huuwasha taa saa 24 kuuzuia, jambo ambalo linaifuta faida ya bei ya stima. Mwaka wa 1984 Caulerpa taxifolia, aina iliyopendwa matangini, ilionekana ikiota baharini mbele ya Monaco, na baadaye ikaenea katika fuo nyingi za Mediterania. Kwa hiyo asije mtu akabeba mwani wa tangi lake kwenda kuumwaga Diani akidhani anaurudisha nyumbani. Wala asiuchume ndani ya hifadhi za bahari, ambako si ruhusa kutoa kitu.

Katika juma la sita kioo cha Buruburu kilikuwa kikipanguswa mara moja kwa juma. Nywele za kijani hazikuisha, zilibaki nyuma ya mawe, na sidhani zitaisha. Nitrati ilishuka, lakini nisiipe taa sifa zote, maana wakati huo huo walipunguza chakula cha samaki kutoka mara tatu kwa siku hadi mara moja. Lau wangeendelea kuwashibisha wale samaki kama watoto wa harusini, hata jua la Kibuyuni lisingewasaidia.

Kuvuna ndiko watu hukuonea uchungu. Bonge likijaa sanduku linapendeza, na mtu hataki kulikata. Lakini mbolea haitoki majini hadi mwani utoke. Kila baada ya majuma mawili au matatu, mwanga wa juu unapoanza kushindwa kufika chini, toa theluthi moja au nusu, ukung'ute kwanza ndani ya maji ya tangi ili vidudu warudi. Mwani wa juu uliokaribia taa ndio utolewe, na ule wa chini ugeuzwe upate zamu yake. Kama una tafi au kangaja, mpe kiasi anachoweza kumaliza. Kinachobaki suuza kwa maji ya mfereji mara mbili chumvi itoke, kisha changanya na mboji ya sukumawiki.